Uji Kabla ya Kipimo

Cephas alilala kwa mke mkubwa, Lynnet, usiku wa kuamkia kipimo. Hilo ndilo lililomuudhi Rispa, mke mdogo. Muuguzi alikuwa amesema mgonjwa asitie kitu mdomoni tangu alfajiri, na Lynnet akayashika maneno hayo kama funguo za boma.

Lakini kwao Rangwe mume hapiti mlango wa mke bila kuonja chochote. Kupita kavukavu ni kumtukana. Saa moja asubuhi Rispa, mtoto wao Valary mgongoni, akamsimamia njiani na kikombe cha uji wa maziwa.

"Baba Valary, cha kwangu ndicho chenye sumu?"

Cephas akaitupia jicho nyumba kubwa, akanywa chote, akajipangusa mdomo. Rispa akawafuata yeye na Lynnet hadi hospitali, moyo umeshiba.

Huko Homa Bay, mtaalamu Zablon alimpaka Cephas mafuta baridi ubavuni, akabandika kifaa katikati ya mbavu. Kikawa kinagonga kidogokidogo, kama mtu anayebisha hodi. Hakuna sindano, hakuna kisu. Mawimbi ya sauti hupita kwenye ini na kupima ugumu wake.

"Kumi na nne," Zablon alisema. "Ini lenye afya halifiki saba. Homa ya ini imekuachia makovu mengi. Kwani umekula leo?"

"Hapana," Cephas akajibu upesi.

Lynnet akaushika mkono wa mumewe, akalia taratibu. Rispa aliutazama ule mkono. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Ila Cephas atarudi nyumbani akijiona marehemu, tena mikononi mwa yule.

"Amekunywa uji," alisema. "Wangu. Saa moja."

Lynnet akageuka polepole. "Kumbe unataka kumzika ndiyo unikomeshe?"

"Nikuzikie mume, nibaki na nini mimi?"

"Mama zangu," Zablon akawakatiza, "chakula huvuta damu nyingi kwenye ini, likakaza, mashine ikasoma juu. Tutarudia saa nne."

Wakangoja kwenye benchi, mume katikati. Saa nne ilipofika, mashine ikasoma nane. Makovu yapo, ila si ya kukata tamaa. Aendelee na dawa, apimwe tena baada ya miezi sita.

Cephas akashusha pumzi. "Rispa, ungenyamaza ningekufa kwa mawazo."

Maneno hayo yalimtosha Rispa kwa hatua kama kumi hivi. Walipofika langoni, Lynnet akafungua mkoba, akatoa chai na viazi vitamu alivyoamka mapema kuvichemsha. Cephas akala kwa pupa. Lynnet akamnyooshea Rispa kiazi kimoja, kikubwa, bila kumtazama. Rispa akakipokea, maana alikuwa ananyonyesha na njaa ilikuwa inamuuma. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.