Mvinyo wa Hinokage

...basi inamisha, Sumie, inamisha tu, kikombe kimeshafika mdomoni, kikombe cha chai, kile kisicho na mkono, sisi watu wa hapa Hirofumi, mkamuaji mvinyo na mwenye mgahawa huu, hathubutu kutuletea zile bilauri za mguu mrefu, mvinyo ni wake lakini adabu anaijua, bilauri ni za wageni wa Tokyo pale dirishani, wanazizungusha zungusha mpaka mtazamaji anashikwa na kizunguzungu, mimi kikombe changu ninakijua, nimekinywea mvinyo mpya kila mwezi wa kumi na moja tangu niolewe, ila huu, lo, huu si ule wa kila mwaka, huu umetoka shambani kwangu peke yake, hakuna hata punje ya jirani ndani yake, na moyo unanidunda hadi nahofia Yasuo atausikia, shemeji yangu huyu, mdogo wa marehemu mume wangu, kaketi ubavuni anatafuna firigisi za kuku zilizokolea sukari na soya, midomo inamng'aa, na kesho asubuhi ndiye anayekuja na msumeno kuikata mizabibu yangu yote, tumeshakubaliana, mimi mwenyewe nilitamka sawa, hakuna aliyenishikia fimbo... "Shemeji, hicho kikombe unakinywa au unakibusu?" ananiambia, anacheka, anakisukuma chake kitupu karibu na chupa, anangoja nimmiminie, maana mtu hajimiminii mwenyewe hata awe anakufa kwa kiu, ngoja, Yasuo, ngoja kidogo, mkono mmoja umeshika kikombe na wa pili umeshika ukingo wa meza, nikiuachia nitaruka juu kama mtoto aliyeahidiwa sikukuu, na hii harufu nayo, inapanda puani, ndimu, na kitu kama pea inayomenywa, jamani, hapana, usinuse, kunywa, ukiwa mbaya mambo yamekwisha, msumeno kesho, kisha tunapanda zile za kijani zisizo na mbegu kama kila mtu hapa mtaani, zile zinazolazwa kichala kimoja kimoja ndani ya kisanduku kama vito vya malkia, "Kilimo ni zabibu za kula," alikuwa akisema Nobukazu wangu, "za mvinyo ni zile zilizokosa mchumba," na jioni alizinywa hizo hizo zilizokosa mchumba akaimba mpaka mbwa wa jirani akaitikia, ah, Nobukazu, ungekuwepo leo ungenipokonya kikombe hiki ukakimaliza na kunirudishia kitupu... na mimi ndiye niliyezivalisha kofia! Hapo ndipo waliponicheka mtaa mzima, nani anavalisha zabibu za mvinyo kofia za karatasi, zinakwenda kukamuliwa hizo, sura yake nani ataiona, lakini mikono hii imelelewa na zabibu za mezani, haiwezi kupita chini ya kichala kilicho uchi na mawingu yamejaa, basi kofia moja, kofia nyingine, shingo imepinda, mikono juu kwenye nyaya, jasho linaingia machoni, Yasuo akapita na gari lake dogo la mizigo akashusha kioo, "Shemeji, na viatu usisahau kuzivalisha!" nikamtupia mfuko mzima wa kofia, nikacheka mwenyewe, nikaendelea, kisha mvua za mwezi wa tisa zikaja na hazikutaka kuondoka, wenzangu wakachuma uozo, na Hirofumi akaja Hinokage, shambani kwangu, akainua kofia moja, akakuta zabibu nzima, akainua ya pili, akasema, mama, hizi nitazikamua peke yake, sitazichanganya na za mtu... "Samahani," ni yule binti wa Tokyo mwenye nywele fupi, bilauri yake tupu, mashavu mekundu, anamwita Hirofumi, "huu unaoitwa Hinokage, Hinokage yenyewe iko wapi?" na mimi nusura kikombe kiniponyoke, Hinokage! jina ambalo hata mtu wa posta halijui, tunalitaja sisi tu nyumbani, nimesahau mkasi Hinokage, baba yuko Hinokage, leo limetoka kinywani mwa mtu nisiyemjua tena kalitamka vizuri, na Hirofumi anatokea jikoni na sufuria ya hoto, zile tambi nene na boga lililolainika, mvuke umempofusha miwani, "Muulize mwenyewe, yule pale anayetaka kumeza kikombe," wote wananigeukia, uso unaniwaka, "Mama, naweza kuja kuliona shamba?" anauliza binti, "mwakani, likichanua?" na Yasuo anaangua kicheko, firigisi ingali mdomoni, "Mwakani! Mwakani utakuta visiki, binti yangu!"

Visiki... tumelizungumza jambo hili tangu mavuno na hakuna aliyewahi kulitaja neno hilo, tumesema kusafisha, tumesema kubadilisha, tumesema kupumzisha mabega yangu, visiki hatujasema, na tangu asubuhi njiani nilikuwa naomba, mvinyo uwe mbaya, uwe mchachu kama siki ili roho itulie, mwongo mkubwa wewe Sumie, mtu anayeombea mvinyo uwe mbaya havai sweta jipya, hapaki rangi ya mdomo, haamki kukiwa bado giza akasimama mlangoni kungoja kikombe kimoja, nilikuwa naomba uwe mzuri, naona haya kujisikia, nilitaka mvinyo uamue ili nisiamue mimi, na ukiwa siki kweli, je? ukiwa siki nitawaruhusu wafanye visiki? Hapana! Hapana, jamani, mabega yataniuma tu kama yalivyouma miaka yote, nitazivalisha kofia tena, wanicheke mpaka mbavu ziwaume, na huyu binti aje na bilauri yake ya mguu mrefu asimame chini ya maua, loo, furaha hii inatoka wapi, inanipanda kifuani kama kicheko kanisani... "Yasuo," namwambia, nikisemea humo humo kikombeni, "kesho usije na msumeno."

Anaacha kutafuna. Ananitazama mimi, anatazama kikombe, kimejaa pomoni.

"Shemeji, mbona hujaonja hata tone?"

"Sijaonja," namwambia.