Kiti cha Mama Siku ya Mvua

Kwa moyo mzito nakiri kwamba ni mimi niliyebandika kibao cha L, kile cha wanaojifunza udereva, nyuma ya gari la mashindano aliloendesha babu yangu. Shule ya bweni ilikuwa imetuachia likizo juzi yake tu, na mikono ilikuwa inaniwasha. Babu ana miaka sitini na mitatu. Alistaafu mbio miaka kumi na moja iliyopita, akabaki kutengeneza cherehani za majirani na kuendesha gari la nyumbani kwa mwendo wa msafara wa mazishi. Niliona kibao kinamfaa.

Gari lenyewe ni la Mama, binti yake. Yaani ni la timu, ila kiti ni cha Mama. Alikuwa amevunjika mkono wiki tatu kabla, si kwenye mbio, bali kwa kuteleza bafuni, jambo ambalo tumekatazwa kulitaja mbele ya wageni. Ilibaki mbio moja kabla ya fainali. Gari likimaliza ndani ya nane bora linaingia fainali, na kufikia siku hiyo Mama angekuwa amepona. Fainali hiyo ameisubiri miaka saba. Kwa kuwa hakupatikana dereva mwingine mwenye leseni ya mbio, alimwomba baba yake amshikie kiti.

"Nane bora tu, Baba," alimwambia. "Usijitie ujana."

Mvua ilianza saa moja kabla ya mbio. Babu akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali hadi magotini na kuizunguka njia yote ya mbio kwa miguu, mwavuli mkononi, akikanyaga taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto. Madereva wengine walijipanga ukutani kumtazama. Mmoja wao, kijana mwenye kofia nyekundu, alimuuliza kama anatafuta meno yake. Babu akamjibu kwa upole kwamba akiyakuta ya kijana pia atamwokotea.

Alianza nafasi ya kumi na sita. Mzunguko wa kwanza aliendesha kama mtu aliyepotea njia: wenzake wote walibana kona kwa ndani, yeye akatanua nje kabisa, karibu na majani. Mama alifumba macho. Mimi nikajipongeza kimoyomoyo kwa kile kibao.

Kisha akapita magari mawili. Kisha manne kwa mpigo.

Fundi wetu, ambaye wote humwita Spana, ndiye aliyetueleza, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Pale wanapopita kila siku, matairi yameacha mpira wao juu ya lami, na mpira huo ukilowa unateleza kama sabuni. Kule pembeni lami bado ina makwaruzo yanayoshika tairi. Mzee alikuwa anayatafuta kwa nyayo.

Mzunguko wa kumi na mbili alikuwa wa nane. Mama aliinuka, akashika redio.

"Baba, inatosha. Kaa hapo hapo."

Redio ilikwaruza kidogo. "Sawa, mwanangu," Babu akajibu, na papo hapo akampita wa saba.

Mwenye kofia nyekundu alikuwa wa kwanza hadi mzunguko wa mwisho. Baadaye alisimulia kwamba gari lilimpita kwa nje, akaona herufi L ikiyoyoma ndani ya maji, akadhani homa imempanda. Babu alimaliza sekunde kumi na moja mbele yake. Kwenye gereji yetu hakuna aliyeshangilia. Spana alikaa chini, juu ya tairi, mdomo wazi. Mama machozi yalimtiririka na sidhani alijua.

Hapo akaingia bosi wa timu, mtu anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Alimpa Babu mkono, akasema fainali nayo huenda ikawa ya mvua, hivyo kiti ni chake akikitaka. Alisema hayo Mama akiwa amesimama pale pale.

Tulimngoja Babu akatae. Huyu ni mtu anayewaachia wengine kipande cha mwisho cha nyama maisha yake yote.

"Nakitaka," alisema.

Mama alimtazama kama mtu aliyemkuta mgeni ndani ya nguo za baba yake. "Baba, hicho ni kiti changu."

"Najua. Ndiyo maana nasema mbele yako."

Akamgeukia bosi, akapendekeza wapimwe wote wawili Alhamisi ya wiki ijayo, plasta ya Mama ikishatolewa; mwenye kasi zaidi aende. Bosi akakubali.

Tulirudi nyumbani Babu akiendesha kilomita arobaini kwa saa, indiketa ikiwaka mitaa mitatu bila sababu. Mama alikaa mbele. Tulipofika kituo cha mafuta, sauti yake ikatoka ndogo kama ya mtoto.

"Baba, ile kona ya tatu, uliingia na gia gani?"

Babu alijikuna kidevu. "Niulize Ijumaa, tukishapimwa."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka mchana kutwa. Mama alifungua kijisanduku cha mbele, akatoa kalamu, akaanza kuchora kona ya tatu juu ya plasta ya mkono wake, kwa kumbukumbu, akikandamiza. Babu akapunguza mwendo, akanyoosha shingo kuchungulia.

Mama akaufunika mkono kwa mtandio.