Jeneza Lililobisha Hodi

Siku marehemu alipobisha hodi, Dereva alikuwa amesimama kwenye makutano ya barabara, akisubiri malori yapite. Injini ikanguruma, gari likatetemeka kama mtu mwenye homa, na huko nyuma kwenye jeneza kukasikika: ngo, ngo, ngo.

Wabebaji wanne waliokaa na jeneza walitoka kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja, jambo ambalo mlango ule haukuundwa kwa ajili yake. Mjane aliyekaa mbele hakukimbia. Aligeuza shingo akauliza, "Baba watoto, umesahau nini tena?" Naye mpwa wa marehemu alipiga magoti katikati ya lami, akaungama mbele ya malori kwamba ile baiskeli iliyopotea mwaka juzi aliyeiiba ni yeye, na angeirudisha leo hii hii, mjomba alale tu.

Habari zilimfikia Seremala kabla gari halijarudi. Seremala ndiye mwenye gari, ndiye mtengeneza majeneza, na juu ya hayo ni kaka wa mke wa Dereva.

"Shemeji," alisema, akipuliza vumbi kwenye randa yake, "wateja wangu ni watu wapole. Hajawahi kulalamika hata mmoja. Sasa wewe umeniletea wanaobisha. Kesho saa tisa tuna mazishi mengine. Likigonga tena, funguo uziweke hapa mezani, na dada yangu utamweleza mwenyewe."

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkata Dereva maini. Kazi nyingine ingepatikana. Mke wa kumwelewa asingepatikana.

Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa gereji kwa Mama Spana, mwanamke mwenye mvi aliyefungua injini nyingi kuliko sufuria. Tatizo lake lilikuwa moja: hakutajii ugonjwa wa gari mpaka akutegee kitendawili.

"Linatetemeka lini, mwanangu?"

"Likisimama, mama. Nikikanyaga mafuta linatulia."

"Likikimbia limetulia, likipumzika linahangaika. Kama mume wangu alipostaafu." Akafungua boneti. "Humu ndani mna ndugu wanne wanaosukuma mkokoteni mmoja. Pengine mmoja amekufa, wenzake wanamburuta. Nitawatoa mmojammoja. Nikimtoa mtu gari likalia, huyo alikuwa anafanya kazi. Nikimtoa gari lisijali, basi huyo ndiye marehemu."

"Mama, hilo neno siku hizi linanichoma."

Mama Spana akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikakohoa. Akaurudisha, akachomoa wa pili, ikakohoa tena. Wa tatu vilevile. Wa nne ikataka kuzimika kabisa.

"Wote wazima," alisema, kama mtu aliyefika msibani akakuta pilikapilika za harusi. "Ingia ndani. Kanyaga breki, ingiza gia, achia klachi kidogo."

Akaweka mkono mmoja juu ya injini na mwingine kwenye ubavu wa gari, akafumba macho. Kisha akaita dirishani, "Kitendawili."

"Tega," alisema Dereva, akitazama saa.

"Mgonjwa ametulia, kitanda kinatetemeka."

"Mama, saa tano hii."

"Jibu liko hapa hapa. Injini inakalia mipira inayomeza mtetemo wake, kwa hiyo inatakiwa icheze kidogo. Hii imetulia tuli kama imepigiliwa misumari. Mtetemo wote unaingia kwenye bodi, bodi inaupeleka kwenye jeneza, jeneza linabisha hodi."

Akaweka jeki na ubao chini ya injini, akainyanyua kidogo tu, akafungua nati upande wa kushoto. Mkono wake ulipotoka haukushika mpira. Ulishika kipande cha mbao, kimepigwa randa, kimepakwa vanishi, na pembeni kimechongwa ua dogo.

Dereva alilijua ua lile. Lilikuwa kwenye kila jeneza alilobeba. Akakumbuka juzi, mpira mmoja wa injini ulipopasuka, Seremala alivyomwambia, "Niachie gari siku moja, hilo ni jambo dogo."

"Fundi aliyekutangulia ni nani?" aliuliza Mama Spana.

"Shemeji."

"Ana mkono mzuri. Meza yangu ya kulia haina vanishi kama hii."

Mpira mpya ulipatikana duka la vipuri, na saa saba injini ilikuwa imekaa sawa. Ndipo Seremala akaingia, jasho likimtoka.

"Limepona? Kosa lilikuwa la nani?"

Dereva akainama kutazama tairi. Angemtaja, angefukuzwa kwa sababu ya ulimi. Asingemtaja, lawama ingebaki kwake. Mama Spana akafuta mikono kwa kitambaa.

"Kitendawili."

"Tega, mama," alisema Seremala kwa adabu.

"Nimemtengenezea jeneza aliye hai. Kila nikisimama, anabisha hodi atolewe."

Seremala akakuna kidevu. "Mfanyakazi mvivu," alisema, akimtazama Dereva.

"Hapana, baba."

"Mke."

"Mke habishi hodi, ana funguo."

"Nimeshindwa."

"Injini, baba," alisema Mama Spana, akamwekea kile kipande cha mbao kiganjani. Seremala akakigeuza, mpaka kidole gumba kikagusa ua.

"Huu ni mvule," alisema. "Hauozi."

"Hauozi, baba, ila haubonyei. Injini inataka kitu kinachobonyea."

Seremala akakitia mfukoni, akavitazama viatu vya Dereva. "Shemeji, funguo kaa nazo. Na kule nyumbani sidhani kama kuna haja ya..."

"Nitanyamaza, shemeji."

"Mpaka lini?"

"Inategemea kiyoyozi cha gari kitatengenezwa lini."

Saa tisa gari lilisimama kwenye makutano yale yale, malori yakapita yote. Wabebaji walikuwa wameshika mlango tayari. Jeneza likakaa kimya kama linavyopaswa.

Wa mwisho kusikia habari alikuwa yule mpwa. Jioni alifika gereji kwa miguu, akamsogelea Mama Spana, akamuuliza taratibu: kama aliyekuwa akigonga ni mbao tu, je, baiskeli aliyoirudisha anaweza kwenda kuichukua tena?