Wiki Tatu Bila Mkate

Onema, karani wa stesheni ya Kindu, alikuwa na karatasi ya serikali ya Wabelgiji yenye muhuri, inayosema kwamba yeye ni mtu aliyestaarabika. Na mtu aliyestaarabika, bwana, hali muhogo. Hula mkate wa ngano asubuhi na jioni, kwa kisu. Tumbo lake lilijaa, likamsokota, likamwendesha; akakonda hadi suruali ikashikwa kwa kamba. Daktari akamwambia ale vizuri. Basi karani akaongeza mkate! Kufa kwa chakula cha heshima, labda hayo nayo ni maendeleo.

Mkewe Mwavita, mama wa binti yao Hélène, alimpenda, na aliogopa kumzika. Alikuwa ameona kwamba kila baada ya mkate mumewe hujikunja kitandani. Lakini angemwambiaje? Angedhani mkewe anamrudisha kijijini.

Kiangazi hicho maji ya Lualaba yalipungua, na meli iliyokuwa ikileta unga wa ngano kutoka Ponthierville ikakwama kwenye mchanga. Tanuri la Mgiriki mwoka mikate likapoa.

"Mukate iko wapi?" Onema aliuliza.

"Hakuna, Baba Hélène. Masuwa ilikwama."

"Sasa tutakula nini?"

"Chenye bantu bote banakula."

Kwa bei ya mkate mmoja Mwavita alirudi sokoni na kikapu kizima: mchele mpya, unga wa muhogo, ndizi za kupika, na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga. Ijumaa shangazi yake Aziza alileta mikate ya mchele, ingali moto, imefungwa katika majani ya mgomba. Onema alikula kwa aibu, mlango umefungwa, kama mwizi wa kuku.

Kisha siku zikalegea. Ukungu wa mto uliingia hadi jikoni ukachanganyika na mvuke wa wali, na mle ndani Mwavita alimsikia mumewe akiimba. Asubuhi nyingine alimkuta amesimama uani, anatazama mto tu, mashavu yameanza kujaa tena. Alitembea polepole ndani ya nyumba yake mwenyewe, akihofu kwamba akikanyaga kwa nguvu ataamka kutoka ndotoni, na kitandani atakuwapo yule mgonjwa.

Wiki ya tatu meli ikapiga honi. Kesho yake mji mzima ulinukia mkate. Onema alivaa koti, akatoka bila kuaga. Mwavita akabaki na mikono ndani ya unga wa muhogo, hana nguvu hata ya kuikung'uta.

Onema alirudi na mkate kwapani, akauweka juu ya kabati.

"Usikate," akasema. "Hii njo mukate ya wageni."

"Na wewe, Baba Hélène?"

Karani alivua koti, akakunja mikono ya shati.

"Mimi niko mugeni hapa?"

Mwavita akaanza kumpakulia. Sahani ikajaa, ikafurika mezani, naye akaendelea kupakua.