Kanali Kimbunga na Vyoo vya Shule

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, Ndila alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake Ukunda, bisibisi mkononi, akiikagua deki ya vidio iliyokuwa imemeza kanda. Nyuma yake, kwenye kochi, bintiye Kavenya alikuwa amejifunika leso na kushika gilasi ya maji. Kavenya alikuwa na miaka kumi na alipaswa kuwa darasani. Mkojo ulikuwa ukimchoma kwa mara ya pili muhula ule, na safari hii ulikuja na homa. Daktari aliandika dawa, akasema mtoto anywe maji mengi, hata akiwa shuleni, na asijizuie anapobanwa na haja.

Ushauri ulikuwa mzuri. Shida ni kwamba vyoo vya shule vilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Wakati wa likizo ya Aprili, Bwana Kenga, mwenye viwanja kuanzia Tiwi hadi Msambweni, alileta mafundi na lori la mawe, akajenga ukuta katikati ya uwanja wa shule. Walimu waliporudi walikuta madarasa huku na vyoo kule. Bwana Kenga alikuwa na hati yenye muhuri. Wavulana wakaanza kujisaidia nyuma ya darasa la saba. Wasichana wakakata shauri kutokunywa maji tangu wanapolala hadi kengele ya kwenda nyumbani. Midomo yao ikapasuka. Baadhi yao waliacha shule, na Kavenya naye alikuwa ameanza kuuliza kama kuna ulazima wa kufika darasa la nane.

"Upo," alisema Ndila, na mazungumzo yakaishia hapo.

Huo ulikuwa mwaka wa 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimekula lami, hoteli za Diani zilikuwa nusu tupu, na ile ambayo Ndila alikuwa msimamizi wa udobi ilimwita kazini kwa nadra, kwa sababu hapakuwa na mashuka ya kufua. Kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kukaa na mgonjwa na kutazama katuni.

Kanda ilikuwa ya kaka yake Muema, aliyezirekodi katuni hizo ziliporudiwa kwenye televisheni miaka ya themanini. Shujaa alikuwa na jina refu la Kizungu, lakini watoto wa Shimba Hills walimwita Kanali Kimbunga. Ndila alipokuwa na miaka tisa alitembea kila Jumamosi hadi nyumbani kwa katekista, mwenye televisheni pekee, akaketi sakafuni na watoto wengine kumtazama Kanali akipaa. Aliamini hakuna baya litakaloweza kutokea duniani huku mtu yule yuko hai.

Sasa alimtazama upya na hakupendezwa.

"Mji mzima una benki moja," alisema, "na kila wiki inaibwa. Hawawezi kubadilisha mlango?"

"Mama, tulia tuone."

"Na hiyo chupi juu ya suruali. Nyekundu. Akiichanganya na nyeupe kwenye maji ya moto, nguo zote zimekwisha."

"Mama!"

"Sauti yenyewe ni ya mtu mwenye mafua."

Hapo ndipo deki ilipomeza kanda. Ndila alifungua kifuniko, akaona utepe umejisokota, akavuta polepole. Badala ya utepe kikatoka kiatu kirefu chekundu. Akaendelea kuvuta. Kanali Kimbunga alitoka hadi kiunoni, akaomba avutwe taratibu kwenye bega, kisha akatoka mzima, akasimama juu ya mkeka.

Alikuwa na mstari mweusi kuuzunguka mwili wote na vidole vinne kila mkono. Rangi zake zilikuwa zimepauka kama leso iliyosahaulika kambani. Mara kwa mara michirizi myeupe ilimpita kifuani, kama televisheni inayotafuta stesheni.

"Vua viatu," alisema Ndila.

"Havivuliki. Vimechorwa pamoja na miguu."

Ndila akamtandikia gazeti. Kavenya akasogea kwenye kochi kumpa nafasi.

Mchana Musyoki, mume wa Ndila na dereva wa lori la duka la vifaa vya ujenzi, alirudi na kumkuta Kanali amekalia kiti chake.

"Amekula?" aliuliza.

"Anasema hali."

"Mtu hakai nyumbani kwangu na njaa. Mwekee sahani."

Sahani ikawekwa. Ugali ukapoa mbele yake, na baadaye Musyoki akaula mwenyewe. Usiku Kanali alirudi kwenye deki, akaacha miguu nje kwa sababu ya joto.

Kavenya ndiye aliyemweleza habari za ukuta. Kanali alisikiliza kwa makini, ngumi kiunoni.

"Huyo jambazi," alisema, "ana barakoa?"

"Hana," alijibu Ndila. "Ana hati."

"Ana maskani chini ya bahari?"

"Ana maskani Nyali. Wewe kazi yako ni kubomoa ukuta. Kwenye kanda nimekuona ukilibeba daraja zima. Huu ni ukuta wa mawe, na mafundi waliiba saruji."

Kanali alisema atafanya hivyo. Ndila alikubali jibu hilo, ingawa Kanali alichukua muda kidogo kulitoa.

Kesho yake jioni Ndila alimwita Bi Yusra, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, aliyeuza viazi karai kwenye lango la shule. Bi Yusra alimzunguka Kanali mara moja kama anayekagua mbuzi wa Idi.

"Huyu ndiye anayepaa? Mbona amefifia hivi?"

"Kanda ya zamani."

"Na nguo ya ndani kuivaa nje, ndiyo desturi ya kwao?"

"Ndiyo."

"Haya. Kila watu na kwao. Tumpeleke kwenye kamati."

"Kamati ya nini, Bi Yusra? Aende sasa hivi abomoe, watoto kesho waende choo."

"Mama Kavenya, wewe una haraka ya watu wa bara. Jambo la shule linapita kwa kamati."

Kamati ilikutana chini ya ubao wa darasa la tano. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mbwana, alikuwa mtu mpole aliyekaribia kustaafu, na nia yake ilikuwa kufika huko bila kugombana na mtu. Alimkaribisha Kanali, akamshukuru kwa kuja kutoka mbali. Kisha akasema ukuta hauwezi kubomolewa kienyeji. Lazima kuwe na shughuli. Shughuli yenyewe ni harambee ya vyoo. Harambee haifanyiki bila mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hawi mtu hivi hivi, bali ni mtu mwenye uwezo. Mwenye uwezo aliye karibu na shule, alivyofikiri yeye, alikuwa mmoja tu.

Ndila alielewa kabla ya wenzake.

"Mwalimu, unataka tumwalike Bwana Kenga?"

"Ni jirani yetu."

"Yeye ndiye aliyechukua vyoo!"

"Ndiyo maana nasema jambo hili litamgusa."

Wanakamati waliitikia kwa vichwa. Bi Yusra alimshika Ndila mkono, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mtu hafedheheshwi hadharani. Anakaribishwa, anakula, anapewa kiti kizuri, halafu anaambiwa kwa upole huku Kanali amesimama pale pale. Akikiona kile kifua cha Kanali, atalainika mwenyewe. Ndila alisema huo ni upuuzi. Kadi za mwaliko zikachapishwa.

Siku ya harambee pilau ilipikwa tangu alfajiri na maturubai yakafungwa ukutani, kwa kuwa ukuta ulikuwa mahali pazuri pa kufungia kamba. Wasichana wa darasa la nne, Kavenya akiwa miongoni mwao, waliimba wimbo wa kumkaribisha mgeni wakiwa na midomo iliyopasuka. Bwana Kenga alifika kwa gari jeupe na kuingia kwa geti lake, upande wa vyoo. Kabla ya kuzunguka kuja kuketi aliomba radhi akajisaidie, na kwa kuwa funguo alikuwa nazo, alikwenda. Mkutano mzima ukamsubiri.

Kanali aliwekwa kiti cha pili, kando ya mgeni wa heshima, kwa sababu alikuwa amevaa sare. Yeyote mwenye sare aliketishwa mbele. Hata mtu wa zimamoto aliyepita njia aliwahi kuketishwa mbele. Wakati wa hotuba wawili hao wakazungumza.

"Unafanya kazi gani?" aliuliza Bwana Kenga.

"Nalinda benki."

"Ya nani?"

"Sijawahi kuuliza," alisema Kanali.

Bwana Kenga alimsogezea soda.

Mwalimu Mbwana alikuwa katika hotuba yake, akizungumzia umuhimu wa ujirani mwema, Ndila aliposimama bila kuitwa.

"Kanali," alisema, "ukuta ni ule. Bomoa."

Watu wakaacha kutafuna. Kanali akainuka. Shuka lake la mgongoni likapepea, ingawa hapakuwa na upepo. Akaenda hadi ukutani, akaweka kiganja, na mawe ya juu yakatoa vumbi. Kavenya na wenzake wakasogea mbele pamoja, wote wakiwa wamebana miguu.

Bwana Kenga hakupandisha sauti. Alitoa hati kwenye mfuko wa koti, akaikunjua, akampelekea. Kanali aliisoma yote, juu hadi chini. Katika maisha yake watu walikuwa wamemrushia mabomu, magari na meli moja, lakini hakuna aliyewahi kumpa karatasi asome.

"Nanyi mna yenu?" aliuliza.

Mwalimu Mbwana alisema shule ilikuwapo kabla ya Uhuru na kila mtu anajua vyoo ni vyake.

"Kujua si muhuri," alisema Kanali, na kuondoa mkono.

"Ulisema utabomoa," alisema Ndila.

"Mama, mimi siku zote humkamata anayevunja na kumpeleka kwa mwenye mali. Hii ndiyo kazi. Angalia kanda zote."

Ndila alizipitisha kanda zote kichwani na kuona kwamba ni kweli.

"Siku ulipoanguka kutoka kwenye mnara," alimwambia, "nililia mpaka nikatapika. Nilikuwa na miaka tisa."

"Asante."

"Usinishukuru. Ningejua, ningelala."

Alirudi kuketi. Bi Yusra akamsogezea sahani ya pilau, na kwa kuwa ilikuwa pilau nzuri, akaila kwa hasira. Mgeni wa heshima alichangia mabati ya vyoo vipya, akapigiwa makofi marefu. Kisha akatangaza kwamba askari wake wa zamani alikuwa mlevi na kwamba kuanzia leo kiwanja kitalindwa na Kanali Kimbunga. Makofi yakapigwa tena, kwa kuwa mtu akipata kazi ni jambo la kheri.

Mabati yaliletwa kama alivyoahidi. Yakawekwa ofisini kwa Mwalimu Mbwana, maana upande wa shule hapakubaki mahali pa kujenga.

Kanali alijengewa kibanda chenye umeme kando ya geti. Ile kanda Kavenya aliendelea kuitazama. Mji ulikuwa pale pale, isipokuwa angani hapakuwa na mtu. Majambazi waliingia benki kila wiki na kutoka na magunia, wakapita barabarani bila haraka, wakisalimiana na watu.

"Wanaiba tu, mama," alisema Kavenya.

"Na mji?"

"Uko vile vile."

Ndila hakuwa mtu wa kukaa kitako. Alipeleka ndoo yenye kifuniko nyuma ya darasa la nne, na kamati ikaiondoa kwa kuwa ilileta aibu. Alikwenda ofisi za ardhi kule Kwale, akaambiwa faili limetoka. Aliuliza limetoka kwenda wapi, akaambiwa mafaili hayaagi. Mwishowe alimwambia mwanawe anywe maji, avuke ukuta, na huyo mchoro akimgusa apige kelele.

Kavenya alikunywa maji na kuvuka ukuta. Hakufika mbali. Kanali alimdaka kwapani kwa upole, kwa sababu hakuwahi kumuumiza mtoto, akapaa naye juu ya miti ya mikanju, akamzungusha kidogo ili asiogope, akamshusha upande wa madarasa. Kavenya alisahau kupiga kelele.

Kesho yake wavulana wa darasa la sita walivuka wote pamoja, nao wakarushwa kurudi. Keshokutwa kulikuwa na foleni. Kufikia mwisho wa muhula, mapumziko yote yalikuwa ya kuvuka na kurudishwa. Mvulana mmoja alitokwa na haja akiwa angani juu ya saruji mbichi ya Bwana Kenga, na alama yake ikakauka pale. Watoto waliotoroka shule wakarudi, wasichana walioacha wakiwamo. Mwalimu Mbwana aliandika kwenye ripoti yake kwamba mahudhurio yamepanda sana, akapongezwa na wakubwa. Hakuna mtoto aliyefika kwenye mlango wa choo.

Siku ya kufunga shule Ndila alikuwa uani akichambua mchicha. Kavenya aliingia mbio, akatupa mkoba mlangoni, akapita moja kwa moja hadi choo cha nyuma ya nyumba. Alikaa huko kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na jasho usoni na mkono mmoja tumboni.

"Umekunywa maji leo?"

"Kidogo. Asubuhi."

"Bado panachoma?"

"Panachoma."

Ndila aliinuka, akamjazia gilasi, akasimama juu yake mpaka akaimaliza.

"Na huyo wenu, amewapaisha leo?"

"Mimi mara mbili. Mama, kule juu ni mbali! Unaona bahari yote, unaona lori la baba, unaona mpaka leso zetu kwenye kamba."

"Na choo?"

"Choo nacho unakiona vizuri," alisema Kavenya. "Kimetiwa kufuli mpya."