Koko Thérèse Anakunja Hema

Huruma ya watu, Koko Thérèse, bibi wa Kikongo, alijua kuitumia kama mafuta ya mawese: kidogo kidogo, na asiimwage chini. Mtu akimwangalia kwa macho ya pole, yeye huinamisha kichwa, anashika goti la kushoto, na kabla hujasema amina kiti kimeletwa, sahani imeletwa, na juu ya sahani mapaja mawili ya kuku. Kwa miaka tisa aliyokaa Birmingham hakuwahi kuona hasara ya kuhurumiwa. Mpaka Jumapili ile ya mwezi wa sita.

Ibada ilikuwa imekwisha, watu wamebaki katika ukumbi wa kanisa pale Nechells wakinywa chai. Truphosa, nesi Mkenya asiyejua kukaa bure, alisimama na karatasi yake akatangaza kwamba mwezi wa nane familia za kanisa zitakwenda Wales, kwenye uwanja wa mahema ulio kando ya bahari, siku tatu, kulala mara mbili. Watoto wataogelea, wakubwa watachoma nyama, na kila mtu alete soksi nzito. Karatasi ikazunguka kutoka mkono hadi mkono. Ilipofika kwa Rosine, binti yake Koko, Rosine aliipitisha bila kuishika vizuri.

"Aki Rosine, hata Déborah humwandiki?" Truphosa akauliza.

"Sisi hatuendi," Rosine akajibu, kwa ile sauti ya chini ambayo kila mtu huisikia. "Ni juu ya Mama. Alikaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka kumi na moja. Siwezi kumrudisha ndani ya hema, mtu wa miaka sabini na tatu."

Ukumbi mzima ukaguna. Macho ya pole yakamgeukia Koko kutoka pande zote, na mtu akamletea keki. Koko akaila, maana keki haina kosa. Lakini moyoni pole ile ilimkaa kama mwiba wa samaki. Watu walikuwa wakimnyima safari mbele ya macho yake, na kosa lake ni kwamba aliwahi kuteseka.

Kwenye basi la kurudi Lozells akamgeukia binti yake.

"Nani alikwambia miye siendi?"

"Mama, umesahau ile mvua ya kule?"

"Nimesahau. Na weye?"

Rosine akatazama nje ya dirisha, ingawa nje hakukuwa na kitu ila duka la simu na foleni ya magari. Déborah, mtoto wake wa miaka kumi, ambaye alielewa kila neno la Kiswahili na hakuwahi kurudisha hata moja, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye angependa kwenda.

Jumatano Truphosa alipita nyumbani kumpima Koko presha, kama alivyozoea. Alipomfunga mkono kwa kile kitambaa cha mashine, Koko akamwambia, "Una hema?"

"Ninayo. Ya nguzo moja katikati, imechongoka hivi juu. Kwa nini, Mama?"

"Niazime. Na usimwambie Rosine."

"Mama, na hii presha?"

"Presha inapanda kwa sababu sina hema."

Truphosa akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Basi Koko akamweleza. Kule kambini waliofika walikuta mahema yamesimamishwa tayari na watu wengine. Wakaishi humo, wakayatia viraka, yakaoza juu ya vichwa vyao, baadaye wakajenga vyumba vya matope na kuezeka shitingi, yale maturubai ya plastiki waliyogawiwa. Hata siku basi lilipokuja kuwachukua kwenda uwanja wa ndege, waliondoka na mfuko mmoja kila mtu na kuacha kila kitu kimesimama, jirani akaingia kabla vumbi halijatua.

"Miye nimelala kwenye hema, nimepika kwenye hema, nimeugua kwenye hema," Koko akasema. "Kukunja, sijakunja hata siku moja. Watu wenye hema lao, asubuhi wanalikunja, wanaenda kwao. Nataka kukunja kwa mikono yangu, halafu nikwende. Na Rosine aone."

Presha ilisoma vizuri kuliko mwezi uliopita. Hema likaja siku ya pili ndani ya gunia la takataka, kwa kuficha.

Ua wa nyumba yao ulikuwa wa saruji tupu, kigingi hakiingii. Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi, Rosine akishakwenda kazini kuwaosha wazee wa watu wengine, mzee wake mwenyewe alipakia hema kwenye kikapu chake cha magurudumu, akafunika vitunguu juu, na kukisukuma hadi bustani ya wazi iliyo karibu. Kulisimamisha hakukumpa shida. Aliusoma upepo unatoka wapi, akapiga vigingi kwa pembe, na nguzo ikanyanyuka. Balaa lilikuwa mfuko. Hema lililotoka mfukoni likiwa jembamba kama mgonjwa, lilikataa kurudi kama limekula ubwabwa wa harusi. Siku ya kwanza nusu yake ilibaki nje. Akarudi nyumbani amelikumbatia, vitunguu vimebanwa chini.

Siku ya tatu akaja mlinzi wa bustani, Kishore, mzee wa Kihindi mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri.

"Mama, hapa hakuna kupiga kambi," akamwambia kwa Kiingereza cha polepole.

"Mimi sipigi kambi," Koko akajibu kwa Kiingereza chake, ambacho kilikuwa na maneno machache lakini yote yenye nguvu. "Mimi nakwenda nyumbani."

"Nimekuona ukilisimamisha."

"Nisiposimamisha, nitakunja nini?"

Kishore akalifikiria jambo hilo. Sheria aliyokuwa nayo ilikataza kulala, haikusema lolote kuhusu kukunja. Akaketi kwenye benchi. Alhamisi iliyofuata alikuja na chai kwenye chupa, na ile ya baadaye akawa anatazama saa yake na kumtajia dakika. Ishirini na sita. Kumi na tisa. Ilipofika wiki ya tano Koko aliacha kupigana na hema kama mgeni na kulitendea kama robota la vitenge, maana kule Uvira ndiyo biashara iliyomlea. Alikunja kwa upana wa mfuko, kama kitenge kwa upana wa sanduku, akabingirisha kutoka upande uliofungwa kwenda upande wa mlango ili hewa ipate pa kutokea, na kila mzunguko akaupigia goti. Dakika kumi na mbili. Mfuko ukafungwa, ukabaki na nafasi ya kitunguu.

Rosine akagundua kwa sababu ya majani yaliyonasa kwenye goti la soksi za mama yake, akapekua kikapu na kulikuta hema chini ya vitunguu. Hakupiga kelele. Alimwita Mchungaji Cleopas.

Mchungaji alikuwa mtu mwema, na alikuwa amehudhuria semina ya majeraha ya moyo. Akaketi ukingoni mwa kochi, akashika mikono miwili ya Koko, akauliza kwa upole, "Koko, ukiona hema, linakukumbusha nini?"

"Majirani wazuri na choo kibaya."

"Kuna maumivu labda hujayasema."

"Yapo. Goti la kushoto. Lakini hilo nalo linataka kwenda baharini."

Mchungaji akamtazama Rosine, na Rosine akatazama chai. Mchungaji alipoondoka, Rosine akakusanya vikombe, akasema, "Bon. Twende. Lakini miye nitalala kwa gari. Na nikikuona hata mara moja umekaa kwa ile sura ya kule, tunarudi palepale."

"Sura gani?"

"Unaijua."

Koko hakuijua, lakini alikubali, maana mtu aliyepewa safari haulizi maswali.

Wakaenda. Uwanja ule ulikuwa nyasi tupu zilizoteremka kuelekea mchanga, na bahari ya rangi ya bati chini yake. Wanaume wa kanisa walikusanyika kuzunguka hema la Mchungaji, lenye vyumba vitatu na fito nyingi kama mbavu, wakitazama video kwenye simu jinsi linavyojengwa, na kila mmoja akimfundisha mwenzake. Koko alikuwa ameshamaliza lake, ametandika mkeka, na sasa anakula ndizi mlangoni akiwaangalia kwa raha. "Mkishindwa semeni," akawaambia. "Kwangu iko nafasi ya wanaume wawili wembamba." Alikwenda akatia miguu baharini, akaitoa upesi, akasema Ziwa Tanganyika lina adabu kuliko hiki kitu kilichotoka kwenye friji. Akaitia tena. Déborah alilala naye hemani siku zote mbili. Rosine alilala garini, kioo kimeteremshwa kidogo upande wa hema.

Jumapili asubuhi mvua ikaja kwa ubavu. Upepo ulitoka baharini ukipiga uwanja mzima, na mwenye uwanja akapita na koti lake la mpira akiwaambia watu wafungashe mapema, utazidi. Hapo heshima ikaisha. Watu wakang'oa mahema ovyo na kuyasokomeza kwenye mabuti ya magari, vigingi na matope pamoja. Mchungaji Cleopas akaja mbio na vijana wawili.

"Koko, nenda ukae garini. Sisi dakika mbili tumelivua."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Koko akasimama mbele ya mlango wa hema, kilemba kimelowa, mikono kiunoni.

"Mchungaji, ukigusa kigingi changu nitaanza kukumbuka kambi. Nitaikumbuka nikiwa karibu yako, kwa sauti, mpaka Birmingham."

Mchungaji akarudi nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ile semina kumsaidia Koko.

Akaanza upande usio na upepo, kama alivyojizoeza. Kigingi cha kwanza, cha pili, cha tano. Lakini bustani ya Lozells haikuwa na bahari. Alipotoa cha sita, hema likajaa upepo, likanyanyuka upande mmoja na kumvuta. Akapiga magoti juu ya ukingo wake. Nguzo ndani ikawa inacheza, na alijua asipoingia kuitoa, kitambaa kitachanika, na akiingia, hakuna atakayekalia ukingo. Hapo hakuwa na mzaha mdomoni. Aliona wiki zote zile za vitunguu zikienda kuishia kwa vijana wawili kumtolea hema lake.

Mlango wa gari ukafunguka. Rosine akaja anakimbia bila koti, akampita mama yake, akaingia hemani akaikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili.

"Nimeshika, Mama," akasema. "Nimeshika. Usiogope."

Koko akamwita Déborah akalie ukingo, naye akatambaa ndani. Rosine alikuwa amefunga macho. Vidole vyake vilikuwa vimeingiliana kuizunguka nguzo.

"Rosine."

"Ile usiku ya upepo," Rosine akasema, bila kufungua macho. "Wakati shitingi za jirani zote ziliruka. Ulishika muti wa katikati mpaka asubuhi. Ulikuwa unaimba ili tudhani unaimba tu. Miye nilikuwa macho."

Kwa miaka zaidi ya kumi Koko alikuwa ameamini kwamba usiku ule ulikuwa wake peke yake, na kwamba watoto walilala.

"Kumbe ulikuwa macho."

"Nilikuwa macho kila siku upepo ukija. Nilikuwa nangoja uchoke."

Upepo ukapiga tena, na Rosine akaibana nguzo kifuani. Nje, Mchungaji aliuliza kama wako salama. Koko akaweka viganja vyake juu ya mikono ya binti yake. Mikono ile ilikuwa baridi kuliko bahari.

"Sikiliza. Kule ningeachilia, tungelala nje. Hapa tukishika ndiyo tutalala nje. Achilia."

"Itaanguka."

"Tunataka ianguke. Tunaenda kwetu."

"Mama, itaanguka juu yetu."

"Na iko na uzito gani? Kitambaa tu. Achilia, mwana yangu. Kidole kimoja kwanza."

Rosine akaachilia kidole kimoja. Kisha mkono. Kisha Koko akavuta mguu wa nguzo, na hema lote likawashukia, baridi, likinuka nyasi na soksi za mtoto. Waliokuwa nje waliona vichuguu viwili vikitembea chini ya kitambaa, kimoja kikisema, "Usikanyage zipu," na kingine kikilia au kikicheka, haikujulikana, na wenyewe hawakuona haja ya kumweleza mtu.

Walipotoka, Koko hakupoteza muda. "Shika kona hiyo. Upana wa mfuko, usizidishe. Déborah, weye fungua mlango upande wa mwisho, hewa itoke." Wakabingirisha, mama na binti bega kwa bega, goti la kulia la mmoja na goti la kushoto la mwingine, na kila mzunguko maji yakatoka pembeni. Rosine alijaribu kuharakisha. "Polepole," Koko akamwambia, "halikimbii." Mfuko ulikataa mwishoni, kwa sababu kitambaa kilichonyeshewa hunenepa. Koko akaukalia. Rosine akavuta kamba. Ikafunga.

Walibaki wakitazama mahali pale. Palikuwa na duara la nyasi zilizolala, zenye rangi iliyofifia, na matundu ya vigingi, basi.

Mchungaji Cleopas akanyoosha mkono auchukue mfuko. Koko akamtazama tu, naye akaurudisha mkono. Koko akavua kilemba, akakisokota kuwa ngata, Rosine akamtwisha mzigo kichwani, akauachia taratibu mpaka ukatulia. Gari lao lilikuwa hatua ishirini upande wa kulia. Upande wa kushoto njia ilizunguka uwanja mzima, ikipita katikati ya mahema yote ambayo yalikuwa bado yamesimama.

Koko Thérèse akashika kushoto.