Mkono wa Don Suero

Udongo wa kaburi ulikuwa bado umeganda kwenye viatu vya waombolezaji pale Don Suero alipofika Valdecuervo. Alikuja na wapanda farasi wengi kuliko wanaohitajika kumlilia maiti.

Fortún, mshika funguo wa ngome tangu Estevanía hajazaliwa, alimvuta binti huyo wa marehemu kando ya mlango wa kanisa.

"Bibi, ami yako mkumbatie, lia naye, mpe divai. Mkono wake usiubusu."

"Mimi mtoto, Fortún? Najua."

Alijua kweli. Kastilia nzima inajua: ukimbusu bwana mkono mbele ya mashahidi, umekuwa mtu wake. Baba yake na Don Suero waligawana urithi sawa kwa sawa, wala hakuna aliyewahi kumbusu mwenzake mkono. Don Suero aliitamani ngome hii tangu siku ya mgawo, na sasa mwenye ngome alikuwa msichana. Akiubusu ule mkono, Valdecuervo inakuwa chini ya ami, na yeye mwenyewe ataozwa au atapelekwa kwa watawa, vile ami atakavyoamka.

Don Suero alishuka farasi analia. Machozi yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo Estevanía alipovurugika. Pua ni ile ile ya baba yake, hata namna ya kuvuta pumzi kabla ya kusema.

"Mwanangu, tumebaki wewe na mimi," alisema, akanyoosha mkono.

Kidoleni mlikuwa na pete ya baba yake. Estevanía alikuwa ameitafuta kwenye maiti asiione.

"Alinitumia hii alipougua," ami alisema kwa upole. "Alitaka tupatane."

Estevanía akainama kuibusu pete. Midomo iligusa dhahabu, ikagusa na ngozi.

"Tumeona," alisema mmoja wa wapanda farasi.

"Sote tumeona," akadakia mwingine.

Don Suero akafuta machozi. "Basi, Fortún. Funguo."

"Nimebusu pete ya baba yangu," Estevanía alisema.

"Na pete ilivaliwa na nani, kuku?" aliuliza mpanda farasi mmoja. Wakacheka, kaburi likiwa hatua chache tu kutoka pale.

Alimgeukia Fortún. Mzee alikuwa ameshika funguo kwa mikono miwili, uso umemshuka. "Bibi, umebusu. Siwezi kuapa kwamba sikuona."

Hilo lilimuuma kuliko kicheko. "Na mtu akitaka kumwacha bwana wake?"

"Anambusu mkono tena, anamuaga kwa maneno. Lakini ukishayasema mmekuwa maadui. Desturi itakupa siku tisa za amani, na baada ya hapo…"

"Baada ya hapo najua."

Don Suero alikuwa ameshauficha mkono nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeiba mkate. Estevanía akaufuata huko huko, akaukamata kwa nguvu, akabusu kifundo cha kidole.

"Don Suero, naubusu mkono wako, na kuanzia sasa mimi si mtu wako."

Hakuna aliyecheka tena.

"Umebakiwa na nani humo ndani?" ami aliuliza. "Wapishi na vilema. Haya. Zikiisha siku tisa nakuja."

"Pete ya baba iache."

"Njoo uichukue."

Walipoondoka, Fortún alijikohoza. "Umesema vizuri, bibi."

"Sitaki sifa. Shayiri itatufikisha wapi?"

"Sikukuu ya Mtakatifu Martino, baridi ikianza, tukila kama watawa. Watawa wembamba."

"Wenye watoto wadogo watoke leo. Na asiyetaka kupigana na ami yangu aje aniage mchana huu, nimwone uso. Sitaki wa kuruka ukuta usiku."

Alidhani watakuja wawili watatu. Wa kwanza alikuwa mtunza farasi, aliyebeba jeneza asubuhi ile. Alipiga goti, akambusu mkono, akayasema maneno ya kuaga huku anatazama chini. Estevanía akamwambia apitie jikoni achukue mkate wa njiani.

Alipoinua macho, uani walikuwa wamesimama wengine, kofia mkononi, na walikuwa wanazidi kuongezeka.